INJINI YA MZUNGUKO: NDOGO NA KUBWA, IPI HUDUMU?

Kabla hujafungua kurasa za mbele kutafuta vichekesho na vitendawili, naomba unikopeshe dakika chache. Najua jarida la Chama chetu cha Kiswahili limezoea mashairi, insha na hadithi fupi. Mwaka huu mimi nimeamua kuandika juu ya injini. Usishtuke! Mwalimu mlezi wetu hutukumbusha kila Alhamisi kwamba Kiswahili si cha kusimulia sungura na fisi tu, bali kinaweza kubeba Fizikia, Hesabu na hata grisi. Nami nimelichukua neno lake kwa uzito. Sababu ya pili ni ya nyumbani kabisa, nayo ndiyo hii.

Likizo ya Desemba iliyopita mjomba wangu alikuwa na furaha isiyo kifani. Bonasi ya majani chai ilikuwa imelipwa, tena ilikuwa nzuri. Huyu mjomba ndiye amekuwa akinilipia karo tangu kidato cha kwanza, kwa hivyo furaha yake ni furaha yangu pia. Jioni moja akaniita uani, akanionyesha picha ya gari kwenye simu yake. Lilikuwa gari jekundu la Kijapani, limeinama mbele kama chui anayenyemelea swara.

"Mpwa wangu," akasema, "mwenyewe analiacha kwa laki nne tu. Na hebu tazama hapa kwenye karatasi, injini ni cc 1308. Hii ni kama ile Probox ya jirani! Litakula mafuta gani hilo? Tena wanasema halina pistoni, linazunguka tu. Kitu kidogo chenye vyuma vichache kitaharibikia wapi?"

Fundi wetu wa jua kali alikuwepo akinywa chai. Akacheka mpaka akakohoa. "Mzee, hiyo injini ndiyo mbaya kabisa," akasema. "Ni ndogo mno, inachoka haraka. Ungepata ile kubwa ya rota tatu, hapo sawa."

Basi pakazuka ubishi. Mmoja anasema ndogo hudumu kwa kuwa ina vitu vichache. Mwingine anasema kubwa hudumu kwa kuwa ina nguvu. Mwishowe mjomba akanigeukia. "Wewe si ndiye unayesoma Fizikia? Tuambie, ndogo au kubwa?"

Nilinyamaza kama maji mtungini. Sikujua. Nilijua jambo moja tu, kwamba ndani ya zile laki nne mlikuwa na karo yangu ya muhula wa kwanza, maana mjomba alisema atairudisha akiuza maziwa. Nikaomba anipe wiki mbili. Hapa chini, msomaji wangu, ndiyo niliyoyapata nilipojifunga kibwebwe na kutafuta.

INJINI HII NI KITU GANI?

Injini tuliyoizoea, ya matatu na ya lori, ina pistoni zinazopanda na kushuka ndani ya silinda. Pistoni hupanda, husimama, hushuka, husimama tena, na krenki hugeuza huko kupanda na kushuka kuwe mzunguko wa magurudumu.

Injini ya mzunguko haina hayo. Chukua njugu yenye mbegu mbili, ile iliyobinywa kidogo katikati. Ipasue kwa urefu uone uwazi wa ndani. Uwazi wa namna hiyo ndio nyumba ya injini hii. Ndani yake mna rota, yaani kipande cha chuma chenye pembe tatu na mbavu zilizovimba kidogo. Rota inapozunguka, ncha zake tatu hugusa ukuta wa nyumba wakati wote, hivyo kunakuwa na vyumba vitatu vinavyopanuka na kusinyaa. Chumba kimoja huvuta petroli na hewa, kikaibana, plagi ikawasha moto, kisha moshi ukatolewa. Wakati huo huo vyumba viwili vingine viko katika hatua nyingine za kazi hiyo hiyo. Hakuna valvu, hakuna mnyororo wa kuzifungua. Na rota ikizunguka mara moja, shafti inayoendesha gari huwa imezunguka mara tatu.

Aliyeibuni ni Mjerumani, Felix Wankel, aliyezaliwa 1902 na kufariki 1988. Injini yake ya kwanza ya majaribio iliwashwa mwaka wa 1957 katika kampuni ya NSU. Gari la kwanza kuuzwa na injini hiyo lilikuwa NSU Spider la 1964, lenye rota moja ya cc 498. Wajapani wa Mazda, huko Hiroshima, walinunua haki ya kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya sitini, na wao ndio walioishikilia wakati wengine walipoitupa. Hadi leo wameuza karibu magari milioni mbili ya injini hii.

Sasa kumbuka neno moja: SILI. Katika kila ncha ya rota mna sili, kijiti cha chuma kinachosukumwa na springi kigusane na ukuta. Sili hizi ndizo huzuia hewa iliyobanwa isitoroke kwenda chumba cha jirani. Zinafanya kazi ya ringi za pistoni. Lakini ringi ya pistoni hupumzika kidogo kila inapofika juu na chini, na oili huirukia kutoka chini. Sili ya ncha haisimami kamwe, na nyuma yake hakuna dimbwi la oili. Hupakwa oili kidogo tu inayopulizwa ndani kwa makusudi na kuungua pamoja na petroli. Sili zikiisha, injini imeisha. Kwa hivyo tukiuliza "injini ipi hudumu?" kwa kweli tunauliza, "sili za ipi hudumu?"

UKUBWA HUPIMWAJE?

Wanafunzi wa Hesabu, hapa ndipo penu. Ukubwa wa chumba kimoja hupatikana kwa kuzidisha vitu vinne: 5.196, halafu umbali ambao kitovu cha rota kimeenda kando ya kitovu cha shafti, halafu urefu kutoka kitovu cha rota hadi nchani, halafu upana wa rota. Katika injini tatu maarufu za Mazda, umbali wa kwanza ni sentimita 1.5 na wa pili ni sentimita 10.5. Upana tu ndio hubadilika:

10A: upana sentimita 6. Jibu ni cc 491 kwa rota moja, cc 982 kwa rota mbili.
12A: upana sentimita 7. Jibu ni cc 573 kwa rota moja, cc 1146 kwa rota mbili.
13B: upana sentimita 8. Jibu ni cc 654 na ushei kwa rota moja, nayo ya rota mbili huandikwa cc 1308.

Nilipopiga hesabu hizi kwa kalkuleta na kuona 654 ikitokea, nusu ya ile 1308 iliyokuwa kwenye karatasi ya mjomba, nilipiga kelele mpaka mama akadhani nimeng'atwa na nyuki.

Kwa hivyo kuna njia tatu kuu za kuikuza injini hii: kuipanua rota, kuirefusha kutoka kitovu hadi nchani, au kuongeza idadi ya rota. Kila njia ina athari yake kwa sili, tena athari hizo hazifanani. Hapo ndipo mjomba na fundi wote wawili walipokosea. Walisema "kubwa" na "ndogo" kana kwamba ni jambo moja.

NJIA YA KWANZA: KUPANUA ROTA

10A ilitoka 1967 ndani ya gari liitwalo Cosmo Sport. 12A ndiyo iliyosukuma magari mengi ya RX-7 kuanzia 1978. 13B ilianza 1973, na ndugu zake wakaendelea kutengenezwa hadi 2012.

Tuulize, je, sili ya 13B hukimbia kuliko ya 10A? La hasha! Ncha za rota zote tatu ziko umbali ule ule kutoka kitovuni, kwa hivyo njia zinayopita ina urefu ule ule, kama wakimbiaji watatu kwenye uwanja mmoja. Shafti ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, rota huzunguka mara 2,000, na sili hupita ukutani kwa mwendo wa mita 22 kwa sekunde au zaidi kidogo. Ni hivyo kwa 10A, na ni hivyo kwa 13B.

Kinachobadilika ni urefu wa sili yenyewe, kutoka milimita 60 hadi 80, pamoja na joto linalozalishwa chumbani. Sili ndefu na nyembamba hupinda kwa joto kwa urahisi kuliko fupi. Ndiyo maana upanuzi huu hauwezi kuendelea bila kikomo. Lakini kutoka 6 hadi 8 si hatari kubwa, na 13B ya kawaida isiyo na taaba ilijipatia jina la kudumu kama nduguye mdogo 12A. Hapa ukubwa hautuambii mengi.

NJIA YA PILI: KUREFUSHA ROTA

Ukiirefusha rota kutoka kitovu hadi nchani, mambo hugeuka. Uwanja wa mbio umekuwa mkubwa, na mkimbiaji anatakiwa amalize kwa muda ule ule. Rota ya sentimita 12 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, sili yake hukimbia kama mita 25 kwa sekunde. Mwendo ukizidi, joto la msuguano huzidi, na sili na ukuta hulika upesi.

Mazda walijaribu njia hii katika gari la Luce R130 la 1969. Injini yake iliitwa 13A, nayo ilikuwa na ukubwa karibu sawa kabisa na wa 13B, lakini kwa rota ndefu na nyembamba. Haikuendelea. Ni 13B iliyorithi boma.

Lakini mwaka wa 2023 Mazda waliirudia njia hii kwa akili mpya. Gari la MX-30 R-EV lina injini iitwayo 8C, ya rota moja tu, cc 830, yenye sentimita 12 kutoka kitovu hadi nchani. Je, wamesahau habari ya mwendo? Hapana. Injini hii haiendeshi magurudumu. Kazi yake ni kuzungusha jenereta ya kuchaji betri, kwa hivyo haikanyagwi na kuachwa na dereva mwenye haraka. Isitoshe, sili zake zimeongezwa unene kutoka milimita 2 hadi 2.5. Rota moja kubwa, kazi ya pole pole, sili nene. Umeona jinsi ukubwa na kazi vinavyopaswa kuelewana?

Wamarekani wa kampuni ya Ingersoll-Rand walilionyesha jambo hili zaidi. Kati ya 1975 na 1985 walitengeneza injini ya mzunguko ya viwandani yenye lita 41 kwa rota moja! Rota ilikuwa na kipenyo cha karibu mita nzima. Ili moto upate muda wa kusambaa chumbani, waliiacha izunguke mara 1,200 tu kwa dakika, nayo ilitumia gesi asilia. Upande wa pili kuna injini ya ndege za kuchezea, iliyotengenezwa Japani, yenye cc 4.97, chini ya kijiko kimoja cha chai. Zote mbili zilifanya kazi, kila moja kwa mwendo wake.

NJIA YA TATU: KUONGEZA IDADI YA ROTA

Hii ndiyo njia fundi wetu aliyoisifia. Rota moja ina sili tatu za ncha. Rota mbili zina sita, tatu zina tisa, nne zina kumi na mbili. Sili moja tu ikivunjika, injini nzima ni mgonjwa.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila sili ina uwezekano wa 99 kwa 100 wa kufika mwisho wa safari fulani ndefu. Injini ya rota moja itafika ikiwa sili zote tatu zimefika, yaani 0.99 ikizidishwa mara tatu, sawa na 97 kwa 100. Rota mbili, 94 kwa 100. Rota tatu, 91 kwa 100. Rota nne, 89 kwa 100. Kadiri vitu vinavyozidi, ndivyo nafasi ya kimoja kuharibika inavyozidi. Tena injini hii imejengwa kama mkate uliopakwa siagi: sahani ya chuma, nyumba ya rota, sahani, nyumba nyingine, sahani, kisha boliti ndefu zinapita katikati na kuvibana vyote. Mkate ukiwa mrefu, mahali pa kuvuja maji na oili pia ni pengi. Ile ya rota tatu, 20B ya cc 1962 iliyotumika katika Eunos Cosmo la 1990, ilibidi hata shafti yake iundwe kwa vipande viwili ili rota ya katikati iweze kuvishwa.

Je, hii ina maana fundi alikosea kabisa? Taratibu. Injini yenye rota nyingi haihitaji kusukumwa sana ili itoe nguvu ile ile. Watu wanne wakibeba kitanda, kila mmoja hutokwa na jasho kidogo. Na kuna ushahidi mkubwa. Mwezi wa Juni 1991, gari la Mazda 787B lenye rota nne, cc 2616, lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Lilizunguka uwanja mara 362, zaidi ya kilomita 4,900 bila kulala. Ni kama kwenda Mombasa na kurudi Nairobi mara tano, bila breki ya chai Mtito Andei! Lakini tukumbuke kwamba sili zake zilikuwa za kauri, si za chuma cha kawaida, na mafundi wake walikuwa mabingwa. Hiyo si injini ya kununuliwa na bonasi.

UKUBWA MMOJA, MAISHA TOFAUTI

Kilichonifungua macho zaidi ni kulinganisha injini zenye ukubwa sawa. Hebu tuanze na mwaka wa 1967. Mwaka huo Wajerumani walitoa NSU Ro 80, rota mbili, cc 995. Mwaka huo huo Wajapani walitoa Cosmo Sport, rota mbili, cc 982. Tofauti ni cc 13, maji ya vijiko vichache.

Ro 80 lilisifiwa sana na likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la 1968 barani Ulaya. Lakini sili za magari ya mwanzo zililika upesi mno, na kampuni ikawa inabadilishia wateja injini nzima bila malipo. Inasimuliwa kwamba wenye Ro 80 walipopishana barabarani walionyeshana vidole: kimoja, viwili, vitatu, yaani hesabu ya injini walizokwisha kubadilishiwa! Gharama ile iliilemea NSU, na mwaka wa 1969 ikaunganishwa na Audi chini ya Volkswagen.

Kule Hiroshima mhandisi Kenichi Yamamoto na wenzake walikuwa wamekutana na balaa hilo hilo mapema, kabla ya kuuza hata gari moja. Sili zilikuwa zikitetemeka na kuukwaruza ukuta mistari mistari, wakaiita kucha za shetani. Walijaribu vitu vya kila namna, hata mifupa ya ng'ombe. Mwishowe wakatengeneza sili za kaboni iliyochanganywa na aluminiamu. Mwaka wa 1968 walipeleka magari mawili ya Cosmo kwenye mashindano ya saa 84 huko Nürburgring, Ujerumani. Moja lilitoka saa chache kabla ya mwisho kwa sababu ya ekseli. Lile lingine lilimaliza la nne. Ukubwa ule ule, lakini kilichotofautisha ni uvumilivu wa kujaribu kabla ya kuuza. Haraka haraka haina baraka, hata Ujerumani.

Mfano wa pili ni 13B yenyewe. Zote ni cc 1308. Ya kawaida isiyo na taaba huishi miaka mingi ikitunzwa. Kisha kuna 13B yenye taaba mbili, iliyotumika katika RX-7 la 1991 hadi 2002, iliyofika nguvu za farasi 280. Joto na msukumo wa ndani uliongezeka sana, na mwenye gari akiongeza msukumo zaidi kwa tamaa, au akitia petroli hafifu, moto hulipuka kabla ya wakati na sili huvunjika kama kijiti cha kiberiti. Halafu ikaja 13B ya RX-8 la 2003, isiyo na taaba, ambayo ilipata tuzo ya Injini ya Mwaka ya Kimataifa 2003. Hata hivyo, huko Marekani Mazda waliongeza dhamana ya injini hiyo ikawa miaka minane au maili 100,000, kwa sababu baadhi zilikuwa zikipoteza mgandamizo mapema.

Unaona sasa? Namba ni ile ile, 1308, lakini maisha ni matatu tofauti.

NA MAFUTA JE?

Nisisahau ile Probox. Injini ya kawaida ya cc 1308 huchoma kila silinda mara moja kwa kila mizunguko miwili ya shafti, yaani cc 654 kwa mzunguko mmoja. Ile ya mzunguko huchoma cc 1308 nzima kwa kila mzunguko. Kwa hivyo kazi yake, na kiu yake, ni ya injini ya pistoni ya cc 2600! Ndiyo maana ilipokuja shida ya mafuta ya 1973, kampuni nyingi zilizokuwa zikiifikiria ziliiacha mbio. Karatasi haikudanganya, lakini pia haikusema ukweli wote.

HUKUMU YANGU

Wiki mbili zilipokwisha nikamwambia mjomba, "Mjomba, ukubwa si jibu. Rota ikipanuliwa kidogo hakuna neno. Ikirefushwa, mwendo upunguzwe. Zikiongezwa, vya kuharibika vinaongezeka. Lakini kinachoua injini hizi, ndogo kwa kubwa, ni vitu vinne: kuishiwa oili, kuchemka, kusukumwa kupita kiasi, na kuzimwa ghafla ikiwa baridi, petroli ikabaki chumbani na kulowesha plagi. Swali si cc ngapi. Swali ni nani alikuwa nalo."

Mjomba akanitazama. "Kwa hivyo nilinunue au nisilinunue?"

"Twende tulipime," nikasema.

Jumamosi tukaenda mjini, mimi, mjomba na fundi. Mwenye gari alikuwa mtu mcheshi. Akaliwasha, likanguruma kama simba, laini kabisa. Mjomba akaanza kutabasamu na kupapasa mfuko. Nikamwomba mwenyewe tulitembeze mpaka lipate joto, halafu tulizime na kungoja dakika kumi. Akasema hakuna haja. Mjomba akasema ipo.

Dakika kumi zilipokwisha akazungusha ufunguo. Likazunguka, likazunguka, halikuwaka. "Ni betri tu," akasema, huku betri ikizungusha injini kwa nguvu zake zote. Nilikuwa nimesoma kwamba sili zilizolika huweza kuwasha gari likiwa baridi, lakini injini ikipata joto, mgandamizo huwa hautoshi.

Fundi akatoa geji yake ya kupimia kompresheni. Hapa nilimwomba jambo moja, naye, ingawa ni mtu mzima na ujuzi wake ni mkubwa, hakunidharau. Geji ya kawaida hushika kipimo cha juu kabisa na kukiganda. Kwa pistoni hilo si tatizo, kwa kuwa silinda moja ina pistoni moja. Lakini rota ina vyumba vitatu. Chumba kimoja kizuri kinaweza kuficha viwili vibovu. Akatoa kile kivalvu cha kuzuia hewa isirudi, ili sindano iruke kwa kila chumba. Rota ya mbele: juu, juu, juu. Rota ya nyuma: juu, chini, chini. Akarudia. Juu, chini, chini.

Kwa nini viwili? Kwa sababu sili moja ni ukuta wa vyumba viwili. Ikilika, huvujisha pande zote mbili. Fundi alitikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Kijana, leo umenifundisha."

Nami naye amenifundisha. Njiani kurudi aliniambia kwamba gari lile lisingekuwa baya lau aliyekuwa nalo angekagua oili kila wiki, na kwamba watu huchukia injini kwa makosa ya wenye injini. Nikayaandika maneno hayo.

Mjomba hakusema neno mpaka tukashuka kwenye matatu. Halafu akacheka. "Kumbe nilitaka kununua rota moja na nusu kwa bei ya mbili!" Mwezi wa Januari alinunua ng'ombe wa maziwa, na karo yangu ikalipwa siku ya kwanza ya muhula. Picha ya lile gari bado iko kwenye simu yake. Siku moja nilimkuta akiitazama, akasema atanunua la namna hiyo atakapostaafu, lakini atapima kwanza likiwa na joto. Mimi sikumpinga, maana injini yenyewe sina ugomvi nayo. Nimeipenda.

Wanachama wenzangu, walimu wetu wapendwa, hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Ukisikia watu wakibishana kama ndogo ni bora au kubwa ni bora, iwe injini, shule au mtu, waulize kwanza: kubwa kwa njia gani, na kwa kazi gani? Nami naiweka kalamu chini, kengele ya maandalio ya jioni imelia.